Paja limevimba, damu haionekani

Dereva wa bodaboda ameanguka. Suruali haina hata tone la damu, ila paja limevimba na mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Waliomzunguka wanasema ana bahati, kaumia kidogo. Sisi tunaofundisha anatomia hatuioni bahati hiyo. Fupa la paja likivunjika, lita 1 hadi 1.5 za damu zinaweza kumwagikia ndani ya nyama, na mtu mzima ana takriban lita 5 tu.

Fupa hilo ndilo refu na imara kuliko yote mwilini, na misuli iliyolizunguka ni minene, yenye nafasi ya kumeza damu bila ngozi kuchanika. Mbele kuna misuli minne inayoishia kwenye kano moja juu ya pia ya goti; ndiyo inayokunyanyua ukitoka kwenye mkeka. Ya upande wa ndani hubana mapaja pamoja. Ya nyuma hukunja goti, na ndiyo zile "nyama za paja" za watangazaji wa mpira, mchezaji anapojishika ghafla katikati ya mbio.

Sasa lala chali, uweke vidole viwili kwenye mkunjo wa kinena, katikati ya ncha ya mfupa wa nyonga na mfupa wa kinena. Mapigo unayoyasikia ni ya ateri kuu ya paja, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, imelala ubavuni mwake upande wa ndani; neva, yaani mshipa wa fahamu, upande wa nje. Ateri hiyo hushuka ikijificha chini ya misuli hadi kutokea nyuma ya goti, lakini hapo kinenani iko karibu na ngozi. Kisu au kioo kikiikata, mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Weka kitambaa juu ya jeraha, gandamiza kwa nguvu zako zote, wala usikiinue kuchungulia.

(Mtoki nao hutokea hapo hapo. Mtoto akiwa nao, kagua kwanza vidole vya miguu; mara nyingi utakuta kidonda.)

Nyuma ya paja hupita neva nene kuliko zote mwilini, ikitokea chini ya tako. Sindano ikichomwa vibaya takoni inaweza kuijeruhi, unyayo ukalegea na mtoto akawa anauburuta. Ndiyo maana muuguzi humchoma mtoto mchanga chanjo pajani, upande wa mbele kuelekea nje: pana nyama ya kutosha, na neva na mishipa mikubwa iko mbali.

Tumrudie dereva wetu. Asikandwe, asivutwe mguu, na tafadhali asipakiwe kwenye bodaboda nyingine. Mlazeni chali, wekeni nguo iliyokunjwa katikati ya miguu, kisha mfunge mguu ulioumia pamoja na ule mzima kwa khanga mbili tatu, bila kufunga juu ya penye uvimbe. Gusa unyayo: ukiwa wa baridi au umepauka, mwambie daktari mara mfikapo. Asipewe chai wala maji, maana huenda akaingia chumba cha upasuaji. Akianza kutoka jasho jembamba la baridi na midomo kupauka, damu bado inavuja humo ndani. Gari lisingoje ndugu wengine wapande.