Kuchapisha kutoka programu ya DOS hadi printa ya mtandao

Programu ya DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani uliotangulia Windows, haijui habari za mtandao. Inachojua ni mlango mmoja tu wa printa, LPT1, na kila ankara au ripoti inaisukuma humo herufi baada ya herufi. Programu yenyewe tunaiacha ilivyo. Windows ndiyo tunayoiagiza iyadake yale yanayopita mlangoni na kuyapeleka kwingine:

NET USE LPT1: \\seva\printa /PERSISTENT:YES

Neno la mwisho katika anwani ni jina ambalo printa imesheiwa nalo, yaani imeshirikishwa nalo mtandaoni, nami hupenda liwe fupi, lisilo na nafasi katikati. Andika amri hiyo ukiwa mtumiaji wa kawaida. Ukiiandika kwenye dirisha la msimamizi, programu inayoendeshwa kwa haki za kawaida haitauona mlango huo. Kama kompyuta ina tundu halisi la LPT1, lizime au tumia LPT2.

Kabla hujagusa programu, jaribu DIR > LPT1, amri inayotuma orodha ya mafaili kwenye printa. Printa ya leza ikiwashawasha taa bila kutoa karatasi, usilaumu mtandao: maandishi yameshafika, ila printa inasubiri herufi namba 12, ile inayoiambia itoe ukurasa. Bonyeza kitufe cha printa na karatasi itatoka.

Wengi wakishafika hapo huona kazi imekwisha, kumbe matatizo sugu ndiyo yanaanza. DOS hutuma maandishi matupu yaliyochanganywa na amri za ESC/P za Epson au PCL za HP, nayo hupita moja kwa moja bila draiva ya Windows (programu inayoiendesha printa) kuyagusa. Printa nyingi za bei nafuu hazielewi lugha hizo. Zimezoea kuletewa picha ya ukurasa iliyokwisha kuchorwa na kompyuta. Kazi inaingia kwenye foleni, inatoweka, na hakuna kinachotoka. Kubadilisha draiva hapo ni kujichosha bure. Ukinunua printa, hakikisha inaelewa PCL 5. PCL 6 peke yake haitoshi.

Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za DOS, na DOSBox ya kawaida, programu inayoiga kompyuta ya DOS, haina printa. Mimi hutumia DOSBox-X: kwenye faili la mipangilio naandika parallel1=printer na printoutput=printer, nayo inajifanya printa ya Epson, inasoma ESC/P, inauchora ukurasa na kuukabidhi kwa printa yoyote iliyopo kwenye Windows, hata zile zisizoelewa maandishi matupu.