David d'Angers: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Si ndiye aliyemchora Napoléon?" Siye. Mchoraji huyo ni Jacques-Louis David. Mchonga sanamu ni Pierre-Jean David, aliyezaliwa mjini Angers, magharibi mwa Ufaransa, mwaka 1788, baba yake akiwa fundi wa nakshi za mbao. Alifunzwa Paris na yule mchoraji, na ili wasichanganywe akajiongezea jina la mji wake. Ile "d'", yaani "wa", ambayo hupatikana pia katika majina ya makabaila wa Kifaransa, basi haina ukabaila wowote. Alikuwa mwanajamhuri wa kweli, hata mapinduzi ya 1851 ya Louis-Napoléon, rais aliyejitwalia mamlaka yote, yakampeleka uhamishoni.

Dhana ninayokutana nayo zaidi ni kwamba vile vipaji vya nyuso vipana mno vya sanamu zake ni kosa la mkono, au ni kujipendekeza kwa wakubwa. Tazama kichwa cha mwandishi Mfaransa Victor Hugo cha 1838, au kile kikubwa mno cha Goethe, mshairi wa Kijerumani: paji limepanda kama ukuta. David alikusudia hivyo. Zama zake wengi waliamini mafundisho ya daktari Gall, kwamba umbo la fuvu hufichua vipawa vya mtu. Sayansi imekwisha kuyakataa, lakini kwake yalikuwa lugha ya kusemea akili kwa jiwe. Mimi naona lugha hiyo bado inasikika: macho ya Goethe yamezama chini ya uzito wa paji lile, na uso mzima unafikiri.

Wapo pia wanaosema alichonga kwa ajili ya fedha. Lakini mwaka 1829 alisafiri mwenyewe hadi Weimar, Ujerumani, akamfinyanga Goethe akiwa mzee wa miaka 80, kisha mwaka 1831 akampelekea kichwa hicho cha marumaru kama zawadi.

Nimesema "akamfinyanga" makusudi. Wengi hudhani mchongaji hulivamia jiwe moja kwa moja. Katika karakana za karne ya 19 kazi ilianzia kwenye udongo wa mfinyanzi, ikamiminwa plasta ya jasi, ndipo mafundi wakahamishia vipimo kwenye marumaru, nukta kwa nukta. Kwa hiyo plasta si taka za kazi. Huko Angers, ndani ya kanisa la zamani la abasia (makao ya watawa) ya Toussaint lililoezekwa kwa kioo, zimepangwa plasta zake nyingi, na mwanga wa mchana unaziangukia kutoka juu.