Uso umewaka baada ya jodari: ni aleji au ni samaki mwenyewe?

Mgonjwa anafika zahanati saa tatu usiku, bado na nguo za mtoko. Uso na kifua vinamwaka, moyo unadunda, kichwa kinagonga. Mwenzake anaeleza kwamba walikuwa hotelini ufukweni na wamekula jodari tu. Anachomwa sindano, anapata nafuu, kisha anaambiwa: "Una aleji ya samaki, usile tena maisha yako yote." Sindano huenda ilikuwa sahihi. Hukumu ndiyo yenye shida, kwa sababu mara nyingine mwenye kasoro ni samaki, si mlaji.

Nyama ya jodari, nguru, vibua, dagaa na fulusi ina histidini nyingi iliyo huru; hii ni asidi amino, moja ya viungo vya kawaida vya kujengea protini. Samaki akishakufa na kukaa kwenye joto, bakteria wa matamvuani na tumboni, hasa Morganella morganii, huingia kwenye nyama na kuigeuza histidini kuwa histamini. Histamini ndiyo kemikali ileile ambayo mwili wenyewe huimwaga mtu anapopata aleji. Ndiyo maana dalili zinafanana kiasi cha kumchanganya hata daktari. Tofauti ni kwamba huyu ameila ikiwa tayari sahanini. Changu, chewa na tasi hawana histidini nyingi kiasi hicho, kwa hiyo kwao tatizo hili ni adimu.

Jambo ambalo wapishi wengi hawalikubali kirahisi: moto hauondoi histamini. Ukikaanga, ukichoma, ukipaka nazi, ukiloweka kwenye ndimu na tangawizi usiku kucha, ipo palepale. Hata kiwandani inapita salama kwenye joto la kusindika makopo. Kuganda nako hakuifuti. Friza inawasimamisha bakteria, lakini kimeng'enya walichokwisha kukitengeneza kinabaki, na samaki akiyeyuka kinaendelea na kazi. Wala usitegemee pua. Samaki anaweza kuwa na histamini ya kutosha kumlaza mtu huku hanuki chochote.

Mezani, dalili huanza kati ya dakika 10 na saa moja tangu kuanza kula. Ya kwanza mara nyingi ni mdomoni: ulimi unawasha kama umelamba pilipili, ilhali mchuzi hauna pilipili. Mwambie aache kula hapohapo, maana kila tonge linaongeza dozi. Halafu joto linapanda usoni na shingoni, kichwa kinauma kwa kudunda, moyo unakwenda mbio, pengine vipele, kichefuchefu au kuhara. Mwenzake akiona uso umeiva atadhani ni mvinyo, au haya, na kwa usiku wa namna hiyo dhana zote mbili zina mantiki. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri kwenye mwanga wa mshumaa. Tazama weupe wa macho, kisha weka kiganja shingoni usikie lile joto.

Nawezaje kutofautisha? Naanza na historia. Mtu aliyekula jodari miaka yote bila shida, leo kawaka, namshuku samaki kwanza. Wawili waliokula mnofu mmoja wakiwaka wote, shaka inakaribia kwisha. Lakini akiwaka mmoja tu, usikimbilie kusema ni aleji. Histamini haienei sawasawa ndani ya samaki. Kipande cha karibu na tumbo kinaweza kuwa nayo nyingi na cha mkiani kidogo. Hospitali yenye maabara inaweza kupima triptasi, kemikali ambayo seli za mwili huimwaga wakati wa aleji, kwenye damu ndani ya saa chache za mwanzo. Kwenye aleji kali mara nyingi hupanda, ingawa kwa aleji za vyakula huweza isipande. Kwenye sumu ya samaki hubaki kawaida.

Sasa la kufanya. Kama ni joto, muwasho na kichwa tu, kidonge kimoja cha setirizini, dawa ya aleji, cha miligramu 10 kwa mtu mzima kwa kawaida kinatosha. Piriton ya miligramu 4 nayo inafanya kazi, ila inaleta usingizi, basi asiendeshe gari. Dalili huisha ndani ya saa chache, mara chache zinafika siku nzima. Maziwa tunayopenda kumnywesha kila aliyekula sumu hayasaidii hapa, na msimtapishe.

Ulimi ukivimba, sauti ikikwaruza, kifua kikibana au mtu akilegea, acheni ubishi wa aleji au samaki: mchukulieni kama mwenye aleji kali. Alale chali miguu ikiwa juu. Akipumua kwa shida aketi, ila asisimamishwe wala kutembezwa hadi kwenye gari. Anachohitaji ni adrenalini, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Vidonge havifungui koo.

Kuna swali moja ambalo huku kwetu halipaswi kusahaulika: anatumia isoniazidi? Dawa hii ya kifua kikuu, ambayo pia hutolewa kama kinga, huzuia kimeng'enya cha kuvunja histamini. Kiasi ambacho mwingine angekimaliza kwa kuumwa kichwa kidogo, yeye kinaweza kumwangusha. Mtu katika usiku wa mapenzi hatatangaza dawa zake mezani, hivyo mhudumu wa afya amuulize faragha, mwenzake akiwa nje.

Jikoni, kila kitu kinarudi kwenye barafu. Jodari hata baharini ana joto kuliko maji yanayomzunguka, na mkubwa wa kilo 30 ukimlaza juu ya barafu bila kumpasua, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Atolewe matamvua na matumbo, barafu iliyopondwa ijazwe tumboni, na kwa hali ya hewa yetu barafu isipungue kilo moja kwa kilo moja ya samaki. Kipimajoto kichomekwe sehemu nene, karibu na uti wa mgongo, kisome nyuzi 4 au chini. Saa za joto zinajumlishwa: moja kwenye mtumbwi, moja mnadani, moja kwenye bodaboda, moja juu ya meza ya jiko. Kumrudisha kwenye friji hakufuti zile zilizopita. Aliyeganda ayeyushiwe kwenye friji, si kwenye sinki.

Hoteli ikipata malalamiko, isitupe mabaki. Kipande kilichobaki kifungwe, kiandikwe tarehe na jina la muuzaji, kigandishwe, kipelekwe maabara. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 200 za histamini kwa kilo. Umoja wa Ulaya hupima sampuli 9 za shehena moja, zisizozidi 2 ziwe kati ya 100 na 200, na hakuna hata moja ipite 200. Nakala ya majibu apewe mgonjwa, na ile "aleji ya samaki" kwenye kadi yake ibaki na alama ya kuuliza hadi apimwe aleji kwenye ngozi.