Kamera ya Kuchezea: Maana Yake, na Kwa Nini Watu Wazima Huitafuta

Jina linapotosha kidogo. Kamera ya kuchezea hupiga picha kwelikweli, tena kwa filamu halisi. Imeitwa hivyo kwa kuwa ni plastiki karibu yote, mara nyingi hata lenzi, na ni nyepesi mpaka unajiuliza kama ndani mna kitu.

Mbili ndizo zenye jina. Diana ilitoka Hong Kong katika miaka ya 1960, ikiuzwa kwa bei ya kutupa au kutolewa kama zawadi. Holga, nayo ya Hong Kong, ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikilenga familia za China zilizozoea filamu pana, ile ya 120. Muda si mrefu soko hilo likahamia filamu ya milimita 35. Holga ikaangukia mikononi mwa wapiga picha wa nchi nyingine, na hao hawakuwa na haja ya picha safi.

Walitaka kasoro zake. Lenzi ya plastiki huonyesha katikati vizuri kiasi, lakini kingoni mambo huyeyuka na pembe nne huingia giza, kama unachungulia kupitia tundu. Mgongo wa kamera haufungi sawasawa, hivyo mwanga hupenya na kuichoma filamu kwa michirizi usiyoitarajia. Wengine huziba nyufa kwa utepe mweusi. Wengine huziacha makusudi.

Vya kurekebisha ni vichache. Umbali huchaguliwa kwa vijipicha: mtu mmoja, kundi dogo, kundi kubwa, mlima. Shata ya Holga, yaani kilango kinachofunguka kuingiza mwanga, ina kasi moja ya kawaida, takriban sehemu 1 ya 100 ya sekunde. Ina pia swichi ya jua na wingu, ambayo katika Holga za zamani haikubadilisha chochote! Filamu ya negativu (ile ambayo penye mwanga hutokea giza) ya ISO 400, namba inayoonyesha wepesi wa filamu kunasa mwanga, huvumilia hali hiyo: mwanga ukizidi, picha bado hutoka.

Raha kubwa kwangu ni kwamba shata haijafungamana na kifundo cha kuzungusha ili kusogeza filamu. Bonyeza shata mara mbili bila kusogeza filamu, na uso wa mtu utakaa juu ya matawi ya mti katika fremu moja. Usiposogeza kikamilifu, fremu zitapandana na kuwa mandhari moja ndefu.

Sikubaliani, hata hivyo, na wanaosema kila ajali ni sanaa. Picha isiyo na jambo haipati jambo kwa kuwa na pembe nyeusi. David Burnett, mpiga picha wa habari wa Marekani, alibeba Holga kwenye kampeni za urais wa Marekani za mwaka 2000, na picha yake ya mgombea Al Gore ikashinda tuzo. Ukungu wa lenzi ulisaidia, lakini yeye ndiye aliyejua asimame wapi na abonyeze lini.

Tahadhari moja: tundu la kuchungulia halipiti kwenye lenzi. Mimi nimewahi kumaliza filamu nzima, fremu zote 12, nikitabasamu kila ninapobonyeza, kifuniko cha lenzi kikiwa mahali pake. Niliyempelekea kuisafisha alinirudishia filamu tupu, isipokuwa mchirizi mmoja wa mwanga ulioingilia mgongoni.