Jumla ya Namba Zinazofuatana: Shufwa au Witiri Kabla ya Kujumlisha

Wapo watu wengi wanaoweka akiba kwa mpango wa wiki 52: wiki ya kwanza shilingi 1,000, ya pili 2,000, ya tatu 3,000, hadi 52,000 wiki ya mwisho. Tuseme wawili wamechanga pamoja kwa mpango huo na wanataka kugawana sawasawa kwa noti za elfu moja moja. Zitagawanyika bila kubaki? Ndiyo. Lakini wakikomea wiki ya 50, itabaki noti moja. Majibu haya mawili hayahitaji kikokotoo.

Linaloamua ni jambo moja tu: katika namba unazojumlisha, witiri ni ngapi? Namba shufwa (0 ikiwemo, na hasi kama -4 pia) hugawanyika kwa 2 bila baki, kwa hiyo ukiiongeza haibadilishi hali ya jumla. Witiri huacha baki ya 1. Witiri mbili zikikutana, baki zao zinafanya 2 na kumalizana. Basi jumla itakuwa witiri pale tu idadi ya witiri zilizomo ni witiri.

Sasa, namba zinazofuatana hupokezana: witiri, shufwa, witiri, shufwa. Katika nne zozote mfululizo kuna witiri mbili, na jumla ya hizo nne ni shufwa, uanzie popote. Kwa hiyo gawanya idadi ya namba zako kwa 4, utazame baki. Ikiwa 0, jumla ni shufwa. Ikiwa 2, zimesalia namba mbili jirani, na moja kati yake ni witiri, hivyo jumla ni witiri. 52 ni 4 mara 13, na akiba ni 1,378,000, kila mmoja 689,000. 50 huacha baki 2, na jumla ni 1,275,000.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Hudhani kwamba namba zikiwa kwa idadi shufwa, jumla nayo lazima iwe shufwa. Lakini 1 + 2 + 3 + 4 + 5 + 6 ni 21. Naamini mwanafunzi aliyeonyeshwa sababu ya zile nne nne hatalisahau hili, ila aliyekaririshwa kanuni tupu atachanganya siku ya mtihani.

Idadi ikiwa witiri, mahali pa kuanzia nako kuna uzito. Namba tano kuanzia 1 zinaleta 15. Tano kuanzia 2 zinaleta 20. Njia nyepesi ni kuitafuta namba ya katikati, kwa sababu jumla yote ni hiyo ya katikati mara idadi. Idadi ikiwa witiri, jumla hufuata hali ya namba ya katikati. Chukua 17 hadi 93. Ziko 77, si 76, maana 17 yenyewe inahesabiwa. Ya katikati ni 55, ambayo ni witiri, basi jumla ni witiri. Ukitaka kuhakikisha, 55 mara 77 ni 4,235.

Faida kubwa ya elimu hii, kwa maoni yangu, ni kuthibitisha kwamba jambo fulani haliwezekani. Kitabu cha kawaida huanza na ukurasa wa 1 upande wa mbele wa karatasi na 2 nyuma yake. Mtu akikuambia amechana karatasi 15, akajumlisha namba za kurasa zote 30 na kupata 1,200, amekosea. Kila karatasi ina kurasa mbili jirani, jumla yake witiri. Witiri 15 haziwezi kuleta shufwa, hata angechana karatasi zipi.

Jaribu pia hili na watoto nyumbani. Andika 1 hadi 10, kisha mbele ya kila namba weka alama ya kujumlisha au ya kutoa, upate 0. Waache wahangaike kidogo. Haiwezekani, kwa kuwa kubadili alama ya namba hakubadili ushufwa wala uwitiri wake, na namba hizo kumi zina witiri tano. Wape basi 1 hadi 8: 1 + 4 + 5 + 8 ni 18, na 2 + 3 + 6 + 7 ni 18 vilevile.