Maana ya "presha ndogo" unapotafuta fundi wa kuosha nyumba

Ukitaja kuosha nyumba kwa nje, wengi humwona mtu aliyevaa mabuti, kashika bunduki ya maji, uchafu unakimbia mbele yake. Hiyo ni kuosha kwa presha. Lakini ukianza kutafuta fundi utakutana na neno jingine, presha ndogo, ambalo wengine huliita kuosha laini. Hizi ni kazi mbili mbalimbali, na kwa maoni yangu hakuna kipimo chepesi cha fundi kama kumuuliza atatumia ipi, wapi, na kwa nini.

Nguvu ya maji hupimwa kwa psi au kwa bar, na bar 1 ni kama psi 14.5. Bomba la kumwagilia bustani hutoa takriban psi 40 hadi 60. Mashine za mafundi hufika psi 3,000 na kupita. Kwa nguvu hiyo sakafu ya zege hutakata vizuri, lakini ukuta ni habari nyingine. Rangi hubanduka, saruji iliyo kati ya matofali huchimbika, na mbao hutoka nyuzinyuzi hata ukipitisha mkono unachomwa. Maji yanaweza pia kupenya pembeni mwa madirisha na kukaa ndani ya ukuta, ukaja kuyagundua baadaye rangi ya sebuleni inapofura.

Siyo mashine peke yake inayoamua. Ncha zinazochomekwa mbele ya bunduki kwa kawaida zina rangi: nyekundu hutoa mshale mmoja wa maji usiotawanyika, yaani digrii 0, njano 15, kijani 25 na nyeupe 40. Mshale wa ile nyekundu unaweza kuchora mstari kwenye mbao usifutike tena. Unaweza pia kupasua ngozi ya mtu na kusukuma maji ndani ya nyama. Kidonda chake huonekana kama tundu la sindano tu, kumbe ni cha kukimbiziwa hospitali saa hiyohiyo. Ukimwona fundi anasogelea ukuta wa nyumba yako na ncha nyekundu, msimamishe.

Katika presha ndogo, maji hutoka kwa nguvu ndogo sana, mara nyingine karibu na ile ya bomba la bustani, na kazi inafanywa na dawa. Sababu ni kwamba tunachokiita uchafu ukutani mara nyingi ni kitu hai: mwani wa kijani upande usiopata jua, au kuvu nyeusi chini ya paa. Ukivikwangua kwa nguvu, ukuta utang'aa leo, ila mabaki yake yamo bado ndani ya vitundu vya plasta, nayo huota upya. Dawa huviua. Inayotumika zaidi ni sodiamu haipokloriti, ile ile ya kung'arishia nguo nyeupe, ikizimuliwa kwa maji na kutiwa sabuni ili ishike ukutani. Hupuliziwa kutoka chini kwenda juu isije ikateremka na kuacha michirizi, huachwa dakika chache bila kukauka, kisha husuuzwa kutoka juu kwenda chini. Ndiyo maana fundi mzoefu haupendi ukuta unaopigwa na jua la mchana: dawa hukauka kabla haijafanya kazi.

Unaweza kujaribu mwenyewe. Dondoshea doa jeusi tone la dawa hiyo, usubiri dakika moja au mbili. Likififia, ni kuvu. Likibaki vilevile, huenda ni vumbi au masizi, na pengine sabuni na brashi vinatosha.

Kutu ina dawa zake, na vivyo hivyo ile chumvi nyeupe inayochomoza kwenye matofali. Nyingi ya dawa hizo ni za asidi. Hapa sina mzaha: asidi ikikutana na ile dawa ya sodiamu haipokloriti hutoa gesi ya sumu. Fundi anayechanganya ndoo moja kwa madoa yote, mwambie asante na umfungulie geti.

Sasa, fundi wa kuaminika ni yupi? Mimi husikiliza maswali yake kabla ya majibu yake. Atakuuliza ukuta ni wa nini, ulipakwa rangi lini, maji ya kuoshea yatatoka wapi na machafu yataishia wapi. Atapitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe kama wa chaki, atakwambia rangi imechoka na kiasi chake kitaondoka na maji, ili usije ukamlaumu. Nyumba ikiwa ya zamani atauliza kuhusu rangi yenye madini ya risasi, maana kuipiga kwa presha ni kutawanya sumu uani. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978. Atafunika soketi na taa za nje, atatazama nyaya za umeme zinapopita kabla ya kusimamisha ngazi, na atalowesha mimea kwa maji safi kabla na baada ya dawa. Kwenye paa la vigae vya lami hatapanda na mashine ya presha kamwe, kwa sababu inang'oa chembechembe zinazolikinga na jua.

Anayekutajia bei kwa simu bila hata kuomba picha anakisia, na kosa la kukisia utalilipa wewe. Omba bei kwa maandishi, ikitaja sehemu zitakazooshwa, dawa itakayotumika na nani atabeba gharama kioo kikivunjika. Akisema ana bima, akuonyeshe karatasi, na tarehe yake uisome. Malipo ya awali si dhambi, ila kumpa zote kabla ya kazi ni kujitafutia usumbufu.

Kabla hajaanza, mwambie aoshe kipande kidogo mahali pasipoonekana, tuseme nyuma ya tangi. Na kazi ikiisha usikague mara moja, kwa sababu ukuta uliolowa huficha: mabaka yote huwa rangi moja. Subiri ukauke kabisa, uzunguke nyumba pamoja na fundi, halafu ndipo umalizie hela yake.