Utunzaji wa ardhi wa wenyeji: maana yake, na kazi ya anayeufundisha chuo kikuu

Kila mvua zikianza, picha nazo zinaanza. Mheshimiwa ameinama na mche wa mgrevilea, nyuma yake bango kubwa: "Utunzaji wa ardhi wa wenyeji". Siku hizi maneno hayohayo yameingia kwenye matangazo ya kazi za uhadhiri, ya hapa Uganda na ya ng'ambo, na vijana waliosomea misitu, sheria au mazingira wanauliza kama wanaweza kuomba. Wengi wanaweza. Shida ni kwamba ukisoma barua zao unakuta wameomba kazi nyingine.

Maana, kwa haraka. Ni namna ambavyo jamii iliyoishi mahali kwa vizazi inasimamia ardhi, maji, malisho na msitu wake kwa kanuni zake yenyewe: nani alime wapi, malisho yafungwe lini na yafunguliwe lini, mti upi usikatwe, nani aamue, na anayekiuka afanywe nini. Ujuzi wa mimea na majira umo, lakini haukai peke yake, unakaa ndani ya mamlaka na wajibu. Mhadhiri wa somo hili hufundisha ikolojia, sheria za kimila, historia na utawala, na hawezi kuacha hata moja.

Kinachoniudhi ni kuligeuza neno hili kuwa pambo la uhifadhi. Hapa Uganda utunzaji wa wenyeji na uhifadhi wa serikali vimewahi kukutana, na uhifadhi ulikuja na askari. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilitangazwa kuwa hifadhi za taifa. Batwa, jamii ya wawindaji wa msituni waliokuwa wakiwinda humo, wakirina asali na kuzika watu wao humo, walijikuta nje, wengi bila kipande cha shamba wala fidia ya maana, wakiishi pembeni mwa mashamba ya majirani. Msitu ukahifadhiwa, sokwe wakaongezeka, watalii wakaja. Huo ni uhifadhi, na una faida zake, sibishi. Lakini utunzaji wa wenyeji ndio uliokatizwa siku hiyo, kwa sababu waliokuwa na kauli juu ya msitu waliondolewa ndani yake. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba Batwa waliachwa bila ardhi na kwamba hawakufidiwa ipasavyo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba hifadhi ya Bwindi ni mfano mzuri wa utunzaji wa wenyeji, namuuliza tu: mwenyeji gani anayeamua lolote mle?

Mlima Elgon una kisa cha aina hiyo. Benet, jamii ya mlimani humo, walitolewa kwenye nyika ya juu na msitu kwa awamu, hifadhi ya taifa ikatangazwa 1993, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ikaweka rasmi makubaliano yanayowatambua kuwa wenyeji wa asili wa eneo hilo. Ik, jamii ndogo ya Karamoja, kaskazini mashariki, nao walipoteza bonde la Kidepo lilipofanywa hifadhi. Ukitaka kufundisha somo hili nchini mwetu na huna la kusema kuhusu visa hivi vitatu, wanafunzi watakuaibisha wiki ya kwanza.

Kosa la pili limejificha zaidi, na hata mawakili hulifanya: kudhani mtunzaji ndiye mmiliki, au kwamba pasipo na mmiliki mwenye hati hapana mwenyewe.

Chukua Buganda. Kila ukoo ulikuwa na butaka lake, ardhi yenye makaburi ya wazee, na mkuu wake, omutaka, aliyekuwa mlinzi wake. Hakuwa na ruhusa ya kuiuza, kwa kuwa angewauza waliolala chini na wale ambao hawajazaliwa. Ukaja Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza. Ardhi ikapimwa kwa maili za mraba, ndiyo maana tunasema mailo hadi leo, ikagawiwa Kabaka, yaani mfalme, jamaa yake, machifu na watu wengine binafsi kama mali yao. Omutaka akaamka akakuta makaburi ya ukoo wake yamo ndani ya shamba la chifu fulani. Abataka, yaani hao wakuu wa koo, walilalamika miaka yote ya 1920, na sheria ya busuulu na envujjo ya 1928 ikapunguza makali kwa kuweka ukomo wa kodi na tozo za mwenye mailo kwa mkulima. Ilimlinda mkulima. Butaka haikurudi. Madai ya kulinda na madai ya kumiliki yaliwekwa mezani pamoja, na aliyekuwa na karatasi akashinda.

Sasa panda kaskazini, Acholi. Huko kuna rwot kweri, chifu wa jembe. Huchaguliwa na wanaolima pamoja, hupanga zamu za kazi, hujua mpaka wa kila mmoja unapita kwenye mti upi, kichuguu kipi, kijito kipi. Ardhi yenyewe ni ya ukoo na familia zake. Yeye hana hata hatua moja anayoweza kuiita yake kwa sababu ya cheo hicho. Watu waliporudi kutoka kambi za wakimbizi wa ndani baada ya vita vya waasi wa LRA, wazee wengi wenye kumbukumbu hizo walikuwa wamefia kambini, na miti ya mipaka mingine ilikuwa imekatwa kuni. Hapo ndipo thamani ya rwot kweri ilipoonekana, na hapo pia ndipo ugomvi ulipoanza, maana mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji la serikali, ana muhuri na rwot kweri hana. Mnunuzi kutoka mjini humfuata mwenye muhuri. Nusu ya mhula ningeitumia hapo tu.

Sheria yetu, kwa kushangaza, inaelewa kuliko hotuba zetu. Amri ya Idi Amin ya 1975 ilifanya ardhi yote kuwa ya umma, na mtu wa ardhi ya kimila akawa anakaa kwa hisani tu. Katiba ya 1995, kifungu cha 237, ikasema ardhi ni ya raia wa Uganda, ikataja mifumo minne: ya kimila, ya umiliki huru, mailo na ya kukodi. Kisha Sheria ya Ardhi ya 1998 ikaeleza ule wa kimila kuwa unaongozwa na kanuni ambazo watu wa mahali wanazikubali kuwa zinawafunga, na kwamba humilikiwa milele. Mtu anayesema malisho ya Karamoja ni ardhi tupu kwa sababu hajaona uzio, hajasoma wala hajatembea. Kule wazee hukaa akiriket, baraza lao, na uamuzi wa mifugo kuhama unaweza kutoka hapo.

Neno "wenyeji" nalo lina mtego, nitalipitia upesi. Katiba, kwenye Jedwali la Tatu, inaorodhesha jamii za asili za Uganda kuwa zile zilizokuwapo ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926. Kwa kipimo hicho Baganda, Acholi, Banyankole na Batwa wote ni wenyeji sawasawa. Katika lugha ya Umoja wa Mataifa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, mkazo uko kwa walioachwa pembeni kama Batwa, Benet na Ik. Nchini Kanada, ambako Chuo Kikuu cha British Columbia kina shahada ya kwanza yenye jina hilihili la utunzaji wa ardhi wa wenyeji, neno hilo humaanisha Mataifa ya Kwanza, Wametis na Wainuit, na baadhi ya nafasi za uhadhiri hutengwa kwa ajili yao. Muacholi mwenye uzamivu asome tangazo hadi mwisho kabla hajalipia vyeti kuthibitishwa.

Hapa nyumbani kazi yenyewe imetawanyika. Ukiitafuta kwa jina utachoka. Iko kwa wanasheria wa Makerere, hasa kile Kituo cha Haki za Binadamu na Amani. Iko kwa wanamisitu na wanamazingira. Iko Gulu kwa wanaochunguza migogoro ya ardhi. Iko Ruhija, ukingoni mwa Bwindi, ambako Chuo Kikuu cha Mbarara kina taasisi yake ya utafiti wa misitu ya tropiki. Ngazi ni zilezile za kila idara: mhadhiri msaidizi kwa shahada ya uzamili, mhadhiri kwa uzamivu, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, na kupanda kwake ni kwa machapisho. Utafiti unataka kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na ukiingia hifadhini unataka kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori pia.

Ona kinachokosekana kwenye orodha hiyo ya vibali: ruhusa ya ukoo wenyewe. Na ona nani hawezi kuajiriwa: mzee anayeijua kazi, kwa kuwa hana cheti. Ataalikwa asubuhi moja, atapewa nauli na soda, na maneno yake yatachapishwa chini ya jina la mwenye uzamivu. Vyuo vikitaka somo hili kwa dhati, vianze kumlipa mzee kwa saa kama mhadhiri wa muda, kisha jina lake likae kwenye makala. Hilo haliwezi kusubiri sera.

Kwa anayeandika barua ya maombi wiki hii, nina marekebisho madogo tu. Ile sentensi iliyomo karibu katika kila barua, "nitazielimisha jamii za wenyeji kutunza ardhi yao", ifute. Andika kwamba utawafundisha wanafunzi jinsi ardhi ya mahali fulani inavyotunzwa na nani ana kauli juu yake, utaje mahali hapo, na useme ni wazee gani au baraza gani lililokubali uyafundishe hayo. Kama bado hujawauliza, barua inaweza kungoja hadi urudi kutoka huko.